Mapafu Yaliyojaza Kompyuta

Ijumaa asubuhi kompyuta ya chumba cha eksirei iligoma. Iliandika kwa herufi nyekundu kwamba diski imejaa, haina nafasi hata ya kidole kilichoteguka. Mpiga picha wa chumba kile, mwanamke wa makamo ambaye wagonjwa walimwita Bi Usipumue kwa ile amri aliyowapa kutwa nzima, aliisoma mara mbili, akasonya.

Hajakaa vizuri, meneja mpya wa hospitali akaingia na karatasi mkononi.

"Dawa yake ndogo tu, mama. Picha zote zilizozidi miaka mitano, futa. Saa sita nataka mashine inafanya kazi."

"Zote?"

"Zote. Kompyuta nayo ina kikomo. Hata tumbo hujaa."

Bi Usipumue hakucheka, maana alijua kilicholala mle ndani. Miaka saba nyuma, kampuni ya machimbo ya mawe ilipoajiri, kila mtu alipita chumba kile kupigwa picha ya kifua kabla hajashika nyundo. Wanaume mia mbili na kumi, na mmoja wao ni mdogo wake, tumbo moja. Sasa nusu yao walikuwa wanakohoa vumbi, na kampuni, kwa macho makavu kabisa, ilisema walikuja na maradhi yao kutoka makwao. Jumatatu kulikuwa na kikao cha kuamua nani mkweli. Ushahidi ulikuwa mmoja tu duniani: picha za siku ile ya kwanza.

"Meneja, picha za wapasua mawe zina miaka saba."

Meneja akakuna kidevu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa karatasi, na karatasi ilisema mitano. Akashusha sauti. "Nasikia mdogo wako yumo. Basi itoe ya kwake, iweke pembeni. Mimi sijaona kitu. Zilizobaki, futa."

Tusidanganyane, moyo wa Bi Usipumue ulishawishika. Mdogo wake siku hizi alilala ameketi, kwa sababu akijinyoosha pumzi inakata. Mkono ukaenda, ukafungua orodha, ukalipata jina lake. Juu yake kulikuwa na mume wa jirani. Chini yake, mtu ambaye yeye mwenyewe alikwenda kumzika mwezi uliopita. Bi Usipumue akaona haya, na ile haya ikageuka hasira papo hapo. Atoke na kifua kimoja mkobani, kisha awatazame wake wa wale wengine kwa macho gani?

"Sifuti," akasema.

"Umesemaje?"

"Sifuti. Hata moja."

"Haya. Na wagonjwa wa leo utawahifadhi wapi, kichwani?"

Swali lilikuwa la haki, ndiyo maana lilimchoma. Akavuta daftari la wagonjwa. Fundi aliyeifunga kompyuta alishamwambia kwamba diski ile, terabaiti moja nzima, hubeba picha kama elfu arobaini. Akajumlisha mwaka kwa mwaka, tangu mashine ije, na meneja amesimama anatazama saa. Elfu kumi na tatu na ushei.

"Elfu kumi na tatu!" meneja akamaka. "Sasa hizi nyingine zimetoka wapi? Zimezaana?"

Bi Usipumue akafungua mafaili, na jibu likamkodolea macho. Asubuhi. Mchana. Usiku. Mafaili matatu, ya zamu tatu, na ndani yake sura zilezile. Mwaka wa kwanza umeme ulikatika ukameza kazi ya siku nzima, na kwa uchungu Bi Usipumue akatoa amri: kila zamu inayoingia inakili picha zote za waliotangulia, kwa usalama. Wenzake wakatii miaka minane, bila kuuliza. Nakala tatu za kila ubavu, na zote katika diski ileile! Ni kama mtu kuchonga funguo tatu akazitia zote katika mfuko mmoja uliotoboka.

Alitamani kunyamaza. Alikuwa na jina la umakini pale, na sasa linakwenda na maji. Lakini mficha uchi hazai.

"Meneja, uzembe ni wangu. Niandike mimi. Tutafuta nakala, hatutafuta watu."

"Amri inasema miaka mitano."

"Basi amri ije ibonyeze yenyewe! Nakupa nafasi mara mbili ya unayoitaka. Barua ya onyo niandikie, nitaisaini. Lakini kidole hiki ni changu."

Meneja akatoka kwenda kuiandika barua. Bi Usipumue alilinganisha mafaili hadi saa tisa, asije akafuta kilicho peke yake, kisha akafuta la Mchana na la Usiku. Mstari mwekundu ulioonyesha diski ilivyojaa ukapungua hadi theluthi. Picha za wapasua mawe akazinakili pia katika diski nyingine, akaifungia katika kabati la chumba cha dawa, mbali na kompyuta. Barua ya onyo ilifika kabla hajavua koti. Akaisaini kwa herufi kubwa.

Jumatatu, kabla ya kikao, wapasua mawe walipanga foleni hadi nje ya lango, na kila mmoja akapewa picha yake ya siku ya kwanza, imechapishwa, ina tarehe. Mdogo wake alikuwa wa mwisho, kwa kuwa hutembea akipumzika. Akaiinua dirishani kwenye mwanga. Mapafu yote mawili yalikuwa meusi, kama mapafu mazima yanavyoonekana katika eksirei, safi, bila doa.

"Dada, huyu ni mimi?"

"Ni wewe. Siku uliyoajiriwa."

Akaitazama mpaka kikohozi kikamshika na kumwachia.

"Kumbe nilikuwa mzima," alisema. "Wamenisema mpaka mwenyewe nikaamini nilikuja mgonjwa."

Akayakunjua mabega yake, akaibeba picha mbele ya kifua, upande wa tarehe ukitazama nje, akaenda kikaoni.