Mlio wa Alhamisi

Mafundi wenzake walimpa jina la Kimya kwa kejeli, kwa sababu akishafungua mdomo asubuhi haufungi mpaka afunge gereji. Aliongea na wateja, aliongea na spana, na pasipokuwa na mtu aliongea na gari lililo mbele yake. Ndiyo maana mkewe alishtuka wiki ile mumewe alipoanza kurudi nyumbani, kula, kunawa na kwenda kukaa dirishani bila kusema neno.

Kisa kilianza Jumatatu, pale mkunga mmoja mstaafu alipoingiza gerejini gari la michezo la viti viwili, jekundu lililopauka, gari la umri wa kuwa na wajukuu. Kabla halijakata kona, mtaa mzima ulishajua linakuja. Kila mama yule alipokanyaga breki lilitoa mlio mwembamba, mrefu, unaopanda mwishoni kama mtu anayeuliza swali.

Lilikuwa la marehemu mumewe, aliyeanguka akiwa anafunga kamba za viatu, miezi kadhaa nyuma. Mkunga alieleza kwamba alikuwa amemsihi miaka nenda miaka rudi azipeleke breki zile kwa fundi, naye akawa anampiga chenga. Kila Alhamisi alasiri mume alilitoa gari, eti kulipasha moto lisije likalala. Sasa mjane alitaka kuliendesha mwenyewe.

"Ila siwezi kuendesha kitu kinacholia hivi," alisema. "Vilio nilivyosikia kazini vinanitosha."

Kimya alicheka, akalipandisha gari kwenye jeki, akaweka stendi na kuvua magurudumu. Ugonjwa ulionekana wazi. Pedi za breki zilikuwa zimeungua zikawa ngumu na kung'aa kama kigae. Pini zinazoiwezesha kalipa, kile chuma kinachozibana pedi, kuteleza zilikuwa kavu, zimeshika kutu, na diski zenyewe zilikuwa zimechimbika mifereji. Diski mpya za gari la zamani namna ile hazikupatikana, lakini zilikuwa bado nene za kutosha kuchongwa. Akazifungua, akazipeleka kwa mchonga vyuma upande wa pili wa mji, akaambiwa azifuate Ijumaa asubuhi. Gari likabaki juu ya stendi, halina gurudumu wala diski. Hata betri aliichomoa akaiweka kwenye chaji.

Alhamisi alasiri Kimya alikuwa chini ya pikapu ya mteja mwingine aliposikia mlio ule. Ulianzia ndani ya gereji, hatua chache kutoka kichwani pake, ukaelekea mlangoni, ukatoka nje na kushuka barabara mpaka ukapotea. Alijivuta haraka kutoka chini ya pikapu, akatoka nje. Barabara ilikuwa tupu. Alimuuliza mshona viatu wa ng'ambo ya barabara kama kuna gari limepita. Mshona viatu akasema hajaona hata baiskeli, lakini alijibu huku amejiziba sikio moja.

Kimya alirudi ndani, akaegemea boneti ya gari jekundu, na papo hapo akaondoa mkono. Ilikuwa na joto, joto la injini iliyotoka safari. Alitazama juu kwenye mabati, akajiambia ni jua. Kisha akagusa boneti ya pikapu iliyokuwa ubavuni pake, chini ya mabati yaleyale. Ilikuwa baridi. Alizima taa ya kazi, akafunga mapema.

Kesho yake alizirudisha diski zikiwa laini. Alipaka pini grisi, akakwangua kingo za pedi mpya kwa msasa, akaweka nyuma yake vibati vyembamba vya kuzuia mtetemo. Baada ya hapo pedi na diski zinatakiwa zizoeane: unakimbia kiasi, unakanyaga breki taratibu, unaachia, unarudia, halafu unasimama zipoe. Kwa kazi hiyo alichagua mteremko wa mtaa mmoja wa nyumba za zamani, usio na magari mengi. Breki zilishika vizuri, hazikutoa hata mkwaruzo. Alipoona zimepata moto wa kutosha, alisimama pembeni ya barabara, mbele ya geti la kijani.

Geti likafunguka. Alitoka bibi mmoja mrefu, mkono mmoja ukipapasa ukuta. Macho yake yalikuwa na ukungu, na yalitazama pembeni kidogo ya pale gari liliposimama. Kimya alishuka, akamwamkia.

"Marahaba," bibi alisema. "Wewe ndiye fundi. Jana aliniambia gari litaletwa na mtu mwingine, na kwamba halitalia tena."

Kimya alimuuliza nani aliyemwambia.

"Mdogo wangu. Mwenye gari."

Bibi alieleza yote kwa utulivu, kama mtu anayezungumzia bei ya sukari. Mdogo wake alikuja kila Alhamisi. Akiusikia mlio juu ya mteremko, yeye huanza safari yake ya kupapasa ukuta, na gari likifika tayari geti li wazi. Bibi ndiye aliyemkataza kabisa kuzitengeneza breki, kwa sababu ndizo zilikuwa kengele yake. Zamani aliingia ndani wakanywa chai. Siku hizi anaishia kwenye benchi la barazani, hashiki kikombe, na mkono wake una baridi ya bomba la asubuhi.

Kimya alitaka kusema kwamba jana gari hili halikuwa na magurudumu. Badala yake aliaga, akaendesha kurudi akiwa ameshika usukani kwa mikono yote miwili.

Alimsimulia mkunga kila kitu. Mama yule aliketi juu ya tairi, mkoba mapajani, akasikiliza mpaka mwisho. Ndiyo, mumewe alikuwa na dada. Dada huyo aliipinga ndoa yao kwa sababu bibi harusi alikuwa tayari na mtoto, na mumewe aliapa mbele ya watu kwamba hatakanyaga tena kwake.

"Kumbe miaka yote hii ananidanganya kwa gari," alisema. Alikasirika kweli, akaondoka bila hata kuliwasha kusikia breki zake mpya. Siku zikapita, simu hapokei. Alhamisi mchana akatokea mlangoni, kavaa nguo ya kutokea.

"Twende, fundi. Uendeshe wewe. Mimi miguu yangu leo si ya kukanyagia kitu."

Safari hii geti lilikuwa limefungwa, ikabidi wagonge. Bibi alipofungua, mkunga alijaribu kujitambulisha, lakini yule bibi alishanyoosha mkono na kumgusa shavu.

"Karibu, wifi."

Waliketi barazani, wao wawili kwenye viti, Kimya kwenye ngazi. Benchi lilikuwa tupu na hakuna aliyeelekea kulikalia. Mkunga alikohoa, akatoa sauti ile aliyoitumia wodini kwa habari mbaya.

"Wifi, mdogo wako alifariki."

"Najua. Mimi macho ndiyo mabovu, wifi, akili ninayo. Nimeushika mkono wake." Bibi aligeuzia uso kwenye benchi. "Kila akija anauliza jambo moja tu. Anauliza kama umeshafika."

Mkunga aliinamisha kichwa, mabega yakaanza kutikisika. Bibi alimsogelea akamshika, na ndipo wote watatu waliposikia mlio.

Ulitoka juu kabisa ya mteremko, mwembamba, mrefu. Gari jekundu lilikuwa mbele yao nje ya geti, funguo zake zi mfukoni mwa Kimya. Mlio ulishuka, ukakaribia, ukafika usawa wa geti. Vumbi la barabarani halikusogea. Kimya alisubiri kule kupanda kwa mwisho, pale gari linaposimama, lakini hakukuja. Mlio ulipita, ukaendelea kushuka, ukawa mdogo, mpaka wakabaki wanasikia pumzi zao tu.

"Hakusimama," bibi alisema polepole. Kisha akamwomba wifi yake amsaidie kuingia ndani, maana alisikia baridi.

Kimya aliacha funguo juu ya meza ya barazani, akarudi kwa miguu.

Mlio haukusikika tena, barazani wala gereji. Wanawake wale walikuwa na ugomvi wa zamani wa kumaliza, nani alimtukana nani siku ya harusi, na waliumaliza kwa makelele mpaka majirani wakachungulia. Siku hizi mkunga huendesha mwenyewe, na Alhamisi humchukua wifi yake wakazunguka mji. Breki hazina neno. Bibi hushusha kioo cha upande wake hata mvua ikinyesha, anatega sikio nje, na mkunga hamuulizi kwa nini.