Samaki Wazazi Kwenye Msafara wa Matoleo

...na yule ni Directeur, si mwingine, pezi lake la mgongo lililochanika nalijua kama ninavyojua soksi za mume wangu, nimeliona pale mlangoni mwa kanisa tulipokuwa tunanyanyua beseni, kitenge cha kufunikia kiliteleza kidogo tu, na kabla sijasema kitu mama mkwe alikirudisha, akaniambia, "Jitwike, mwana, batu banatungojea," nami nikajitwika, ndiyo, shingo ilitii kabla akili haijauliza, shingo hii imezoea kutii, na sasa nimesimama katikati ya kanisa kwenye msafara wa matoleo, na kichwani nimebeba samaki wazazi wa nyumba yangu, wale wa bwawa la sementi nyuma ya jikoni, wale ambao hawaliwi, hata siku wageni walipotukuta na maharagwe matupu hatukuwagusa, na sasa wanakwenda kwa padri, na padri ana mpishi, na mpishi ana mafuta... polepole, Colombe, usitikise kichwa, maji yameshaanza kushuka nyuma ya sikio, na sikukuu hii nimevaa blauzi nyeupe, ningejua nini asubuhi, umeme ulikatika tangu jana, nilikuwa namwogesha Aimée kwa maji ya baridi naye analia kama anachinjwa, Ornella anatafuta kiatu, mume wangu Stanislas anatafuta tai yake ya kwaya ambayo alikuwa ameshaivaa, na Koko, ndivyo watoto wanavyomwita bibi yao, nami pia siku nisipokuwa na hasira, alikuwa ameamka kabla ya kila mtu, nilimsikia nyuma ya nyumba akisemasema peke yake, nikadhani anasali, kumbe anavua, anavua katika bwawa langu kwa chandarua cha watoto, na nilipotoka beseni lilikuwa limeshafunikwa, nikadhani ni wale wa vizimbani, wale wa kuuza, ambao Stanislas alisema ataleta kwa ajili ya shirika letu, jumuiya ya mtaa wetu, maana leo ni zamu ya shirika letu kutoa, na nani atafunua beseni la mama mkwe wake siku ya misa, "Nilichagua zenye zinapendeza," aliniambia njiani, anapumua kwa furaha, "Mungu hapashwe kupewa kadogo, na hapashwe kuletewa maiti, ndiyo sababu niliweka na mayi," na mimi nikamjibu, "Vizuri, maman," nilisema vizuri, kwa kinywa changu hiki.

Amechagua wakubwa, basi, ni haki yake, mtu anayemheshimu Mungu anachagua kikubwa, ila samaki mkubwa wa bwawani ndiye mzazi, na mzazi ndiye kiwanda, vifaranga vyote vinavyojaza vizimba vyetu pale ziwani chini ya mtaa wetu wa Nyalukemba vimetoka kwa hawa walio kichwani kwangu, vikishakuwa samaki wa maana Maman Godelive wa Cyangugu anakuja kuwachukua, anavuka nao mpaka Rwanda katika barafu, na Stanislas anaiita hiyo exportation, neno hilo hawezi kulitamka akiwa amekaa, lazima asimame, lakini bila wazazi hakuna vifaranga, na bila vifaranga vizimba ni nyavu zinazojifuga zenyewe, na Godelive si mtu wa kungoja, alishanieleza, "Maman Ornella, miye ninakupenda, lakini wateja wangu hawakulake mapendo," atakwenda kwa wale wa ng'ambo ya ghuba na hatarudi, na mimi nitarudi kuuza mikate ya mandazi barabarani na mvua ya Bukavu juu yangu, na kuwapata wazazi wengine ni safari ya kushuka tena bonde la Ruzizi, mpaka kwenye kituo cha ufugaji, na mara ya kwanza niliwapakata mimi, katika mifuko ya plastiki yenye maji na hewa, kona zote za mlima Ngomo, Stanislas amekaa mbele anamweleza dereva habari za Ulaya, samaki wananipiga tumbo kutoka nje na Aimée ananipiga kutoka ndani, na kwenye barrière askari akachungulia, "Maman, hii samaki iko muzima, unaipeleka kutembea?" ningemjibu ndiyo tukapita, lakini Stanislas akashuka, akasimama wima, akaanza exportation, tukakaa pale mpaka hewa ikaanza kuisha mifukoni, huyo ndiye mume, na mwezi uliopita amerudi kutoka semina na habari za krevete, kumbe ni wale wadudu wa baharini wenye masharubu, "Colombe, Wazungu banakula krevete sawa vile siye tunakula samaki ya sambaza," nikamwuliza krevete wanaishi maji gani, akasema ya chumvi, nikamwuliza chumvi ya ziwa lote la Kivu atainunulia soko gani, akasema mimi nina akili ya kibanda.

Na ni nani anayetuzuia hapa kama si yeye, ndiye mwenye fimbo ya kwaya, na desturi ya parokia yetu ni kwamba mama anapiga hatua kwenye kiitikio tu, kwenye ubeti anasimama na kuyumbayumba mahali pale pale, na Stanislas akiona kanisa limejaa anapenda beti, anazirudia, anazipanda kama ngazi, sasa ameinua mikono, amefumba macho, sauti za kwanza zinapanda, sauti za tatu zinamtafuta, nimemkazia macho mpaka yananiuma, Stanislas, niangalie, beseni, beseni, ona, Directeur... ameniona, amefungua jicho moja, amenitabasamia, Bikira Maria, anadhani namsifu, ameongeza kidole kimoja hewani, ubeti mwingine, na maji haya yananifikia mgongoni, na mbele yangu Maman Rosette wa nyumba ya chini anayumba kushoto ninapoyumba kulia, amebeba jogoo kwapani, kichwa cha jogoo kimegeukia nyuma, ananitazama mimi, na Rosette amevaa nywele mpya, mèche za kahawia ambazo tangu Alhamisi kila mtu wa avenue ameshaonyeshwa, na tone limemwangukia, samahani Rosette, na jingine, na katika tone la pili kuna kitu, kitu kidogo kama punje ya ulezi, kina macho, kinarukaruka juu ya mèche, na jogoo amekiona kabla yangu.

Kifaranga. Basi mmoja ametema. Nilijua, juzi niliwaona majike wamevimba kidevu, nikawatupia chakula hawakusogea, na jike wa tilapia akikataa chakula jua kinywa kimejaa, ndivyo walivyo, akitaga anayaokota mayai yote na kuyaweka kinywani, yanaanguliwa humo humo, watoto wanakaa humo, na siku zote hizo hali, hatemi, anaogelea pembeni kimyakimya mashavu yamejaa kama mwanafunzi aliyeiba mkate, na dume je, dume amechimba shimo lake chini, anasimama katikati ya shimo anatawanya mapezi na kumfukuza kila anayepita, siku ya kwanza nilipomwona akifanya hivyo nilimwita Directeur, Stanislas akaniuliza kwa nini Directeur, nikamwambia basi tu... jogoo amenyoosha shingo, amekosa, amedonoa mèche, Rosette amegeuka, "Maman Ornella, ni nini unanifanyia?" "Ni mayi, Maman Rosette, pole," "Mayi yenye iko na meno?" "Ni jogoo yako ile," "Jogoo yangu ako na adabu!" na Koko nyuma yangu, na kikapu chake cha ndizi, "Nyamazeni, tuko mu misa," kama vile si yeye aliyeleta ziwa kanisani, na hapo kila tone linalonishuka ni kizimba kinachopungua, hao walio kwenye blauzi yangu wangekuwa samaki wa Godelive, ninatembea, hapana, nimesimama, ninamwaga mavuno kwenye sakafu ya kanisa na watu wananiangalia kwa upendo, mama mwenye imani, analia mpaka mabega yamelowa.

Nikimwambia padri, itakuwaje, nifike mbele niseme, Padiri, nirudishie, kuna makosa, mbele ya shirika zima, na kesho Nyalukemba yote itajua kwamba mke wa Stanislas alimnyang'anya Mungu samaki mkononi, na Koko atarudi kwao Luhwindja na kikapu chake, atasema nimemwaibisha, na hatakosea, yule mama hakuniletea ubaya hata siku moja, ubaya wake ni wema anaoufanya alfajiri bila kuuliza, au nijikwae, nianguke na beseni, hapana, watakufa kwenye sementi na goti langu hili, au nisiseme kitu, nikabidhi, nipige magoti, nirudi nyumbani kwenye bwawa tupu, nimwambie Stanislas jioni, atasimama, atasema Mungu atatupa wengine, na atakayeshuka Ngomo na mifuko juu ya mapaja ni mimi, Mungu hapandi gari lile... na kumweleza Koko ni kazi, nimeshajaribu, kwake samaki ni kitu cha ziwani, ziwa haliishi, siku alipoliona bwawa mara ya kwanza alicheka mpaka akashika ukuta, "Munafuga samaki? Na inalia saa ngapi? Munaikamua wapi?" kwake mnyama wa kufuga ni ng'ombe, basi, mweleze habari za ng'ombe ataelewa mpaka usiku, kila tukila ugali anatuletea ng'ombe wa baba yake, yule mwenye doa kwenye paji la uso, ambaye hata hakuwa wa baba yake, alikuwa wa tajiri mmoja wa mlimani, aliwapa kwa bugabire, ndivyo walivyofanya wazee wa Bushi, unapewa ng'ombe, unamchunga kwako, maziwa unakunywa, mbolea inakwenda migombani, lakini ng'ombe ana mwenyewe, akizaa unampelekea mwenyewe ndama, na hakuna heshima kubwa kuliko kupewa, wala aibu kubwa kuliko kumchinja, Koko anasema kuna mtu alimchinja na mpaka leo ukoo wake hausalimiwi vizuri... mpaka leo...

Ngoja. Ngoja kwanza. Stanislas, imba, usiteremshe mikono, sasa hivi usiteremshe, rudia ubeti huo, rudia na ule wa kwanza. Kwa nini nilikuwa namtafutia maneno ya samaki, mafuta, protini, exportation, maneno yote ya semina, mtu ana mlango wake na mimi nagonga ukutani, samaki hawa si wa kurudishwa, ni wa Mungu, sawa, amepewa, hatunyang'anyi, nani amesema tunanyang'anya, lakini mwenye ng'ombe halazi ng'ombe wake jikoni kwa padri, anamweka kwa mtu mwenye majani, na mwenye maji Nyalukemba ni nani, na padri mwenyewe ni mtoto wa Walungu, huko huko Bushi, Abbé Gracien, amekunywa maziwa ya ng'ombe wa watu, hatahitaji kufasiriwa, na Noeli parokia itapata samaki wake, wanene, kila mwaka, nitawaleta mimi mwenyewe wakiwa maiti, na ni yeye Koko atakayelisema jambo hili, si mimi, likitoka kwangu ni ubahili, likitoka kwake ni desturi. Sasa shingo, geuka, si sana, kidogo, kama mtu anayesikiliza kiitikio.

"Maman."

"Nini tena?"

"Ile ng'ombe ya doa, ya kwenu, tajiri aliwapa ili muikule?"

"Wee! Ni nani anakulaka ng'ombe ya bugabire?"

"Na ikiwa na mimba?"

"Colombe, unauliza mastori ya ng'ombe mbele ya altare?"

"Juu hizi samaki ziko na mimba, maman. Ziko nayo mu kinywa. Nilikuwa nafikiri Mungu ameshapokea, asante, sasa anatafuta mutu wa kumuchungia."

Hapo Koko anahesabu babu zake wa Luhwindja mmoja mmoja awaulize, kwaya inapanda, Rosette anayumba, jogoo amepata kimoja na anakimeza huku ananitazama, kikapu cha ndizi kinalia nyuma yangu, halafu pumzi karibu na sikio langu, na sauti imeshuka, si sauti ya mama mkwe tena, ni sauti ya mtu anayepanga mambo ya mifugo.

"Nitaongea na padiri miye. We utanyamaza."

"Ndiyo, maman."

"Lakini hatuwezi kurudi na zote. Mungu hapashwe kubakia na beseni mutupu. Na ile mukubwa, yenye iko na pezi ya kupasuka, nayo iko na mimba?"

Na huko mbele Stanislas amenyanyuka juu ya vidole vya miguu, amefumba macho yote mawili, ametawanya mikono kana kwamba kanisa zima ni shimo lake, anaanza ubeti upya.

"Ile hapana, maman. Ile ni Directeur. Hana kitu mu kinywa. Padiri anaweza kumukaanga."