Klachi ya Noé

Kwa Maman Euphrasie, mlima ni kitu cha kutazamwa kwa mbali, tena kwa mashaka. Hakuzaliwa hivyo. Aliolewa mlimani na akalima mlimani, mpaka mwaka ule mvua ilipokataa kukatika huko Kivu, kipande cha mlima kikang'oka na kumfunika mumewe, Papa Éliézer, akiwa njiani kurudi nyumbani. Hawakumpata. Siku hizi mama huyu anakaa Saint-Gilles, mjini Brussels, na bintiye Jémima, katika nyumba ya ghorofa, na hata ngazi za humo anazipanda akinung'unika.

Sasa mfikirie mama huyo anaambiwa kwamba kitinda mimba wake, Noé, aliyekwenda kufanya kazi hotelini kaskazini mwa Uswidi, anapanda milima ya theluji kwa pikipiki isiyo na magurudumu. Halipwi wala hafukuzwi na mtu, anapanda kwa raha zake! Noé alimwonyesha video akitarajia pongezi. Mama aliona jambo moja tu: mteremko mweupe, mwanawe katikati, na juu yake theluji tele isiyoshikwa na kitu.

Krismasi Noé alikuja Brussels na begi lililomvunja bega. Ndani yake, katika sweta, alikuwa ameifunga klachi ya mashine yake, puli zote mbili. Jémima ndiye fundi wa familia. Ana gereji mtaa wa pili, na skuta za vijana wanaosambaza vyakula karibu zote zinapita mikononi mwake. Klachi ya skuta na ya mashine ya theluji ni ndugu: puli ya mbele, puli ya nyuma, na mkanda unaoziunganisha. Ndani ya puli ya mbele kuna vyuma vidogo ambavyo injini ikizunguka hutanuka, vikaibana puli ili iushike mkanda. Kazi yote imo katika uzito wa vyuma hivyo. Vikiwa vyepesi, injini inabaki na pumzi zake na mashine inapanda hata kwenye theluji laini inayofika kiunoni. Vikiwa vizito, injini inalemewa. Kwenye tambarare huwezi kutambua. Mlimani ndipo utakapojua.

"Yaya, wale ba mécanicien ya kule siwaamini," Noé alimwambia dada yake. "Mukono yako njo naijua. Nitengenezee ya kupanda."

Jémima alifurahi mpaka akaona haya. Alifuta vumbi jeusi la mkanda, akapiga msasa nyuso za puli, akabadilisha bushi zilizolika na springi iliyochoka. Grisi hakuisogeza hata karibu, maana klachi ya namna hii ikionja mafuta mkanda unateleza. Ilibaki kuchagua vyuma. Noé alikuwa ameleta vyepesi na vizito, na yeye mwenyewe alikuwa amekwenda Matonge, mtaa wa Wakongo, kwenye vinyozi vya Galerie d'Ixelles, kunyolewa.

Hapo ndipo Maman Euphrasie alipoingia gerejini. Hakuwa na mazoea hayo, kwa sababu harufu ya petroli humuumiza kichwa.

"Hii kitu njo inamupandisha mulima?"

"Njo hii, Maman."

"Bon. Ifanye isipande."

Jémima alicheka. Mama hakucheka.

"Sisemi uvunje. Nasema ikose nguvu. Afike pale chini, imushinde, arudie. Atachoka, ataacha. Papa yako udongo ilimukula, sikuzika hata kiatu. Na huyu, unataka nizike nini?"

Jémima angeweza kukataa. Ni mtu mzima, analipa kodi ya nyumba, na mama yake hajui hata spana inashikwa vipi. Lakini ukweli usemwe: hata yeye alikuwa anaogopa. Tangu aione ile video alikuwa halali vizuri, na sasa mama amempa ruhusa ya kuwa mwoga. Akachukua vyuma vizito, akavifunga, akarudisha kifuniko. Vile vyepesi akavitia kwenye droo.

"Vyuma vingine viko wapi?" Noé aliuliza aliporudi, kichwa kinang'aa.

"Vile vizito? Niachie, nitatumikisha huku. Wewe huko juu hauna kazi navyo."

Uongo ulimtoka kirahisi kuliko alivyotegemea. Noé akamkumbatia, akaenda zake.

Jumamosi moja ya Januari, mama na binti wakiwa mezani na fufu yao, Noé alipiga simu. Jémima akaiweka spika. Kijana alikuwa na furaha hadi anapaliwa.

"Yaya, nimeijaribu kwenye plat, pale tambarare, inavuta! Kesho asubuhi napanda na Arnaud." Arnaud ni Mbelgiji mwenzake wa kazini. "Ile mulima kubwa, ile ya video."

"Na ikikosa nguvu?" Jémima aliuliza. "Si itakushinda pale chini, urudie?"

"Ah non, chini kila mashine inaingia. Inakushinda kule juu, pente ya mulima ikikuwa kali. Ukikuwa na nguvu, unageuza, unashuka. Ikikosa nguvu inajizika, donc unabaki pale katikati unachimba, na neige, ile theluji yote, iko juu yako. Mwaka jana mutu mumoja alikufia pale, hivyo hivyo. Sasa mimi niko na klachi yako, naogopa nini?"

Mkono wa Maman Euphrasie ulikwama na tonge lake. Yeye alikuwa ameuwazia mlima wa Uswidi kwa akili ya mlima wa kwao, kwamba asiyeweza kupanda yuko salama. Hakuna aliyemwambia kwamba kuna kukwama katikati.

"Noé," Jémima alisema. "Usipande. Niliweka vile vyuma vizito."

Noé akamjibu kwa upole: "Ulichanganya, Yaya? Si kitu, inatokea."

Mlango huo hapo, umefunguliwa wazi. Angesema ndiyo, nilichanganya, yakaisha. Lakini kuhusu mashine ile alikwisha mdanganya mara moja, na mdogo wake alikuwa karibu kuupanda uongo huo mlimani. Hakuweza kumpa mwingine.

"Sikuchanganya. Nilifanya makusudi. Sikutaka upande."

"Makusudi?" Noé alivuta pumzi. "Maman anajua?"

Maman Euphrasie alimshika bintiye kifundo cha mkono kwa vidole vyenye mchuzi. Machozi yalikuwa yanamtiririka, na kichwa alikuwa anakitikisa: hapana, hapana.

"Hajui," Jémima akajibu.

"Na nini ingine uligusa?"

"Hakuna, Noé. Nakuapia."

"Nitajua je?" Akakata simu.

Yaliyofuata wameyasikia kwa vipande. Arnaud alimwazima vyuma vyepesi, wakaifungua mashine nzima, mpaka nati zisizohusika na klachi. Wiki iliyofuata Noé akaupanda ule mlima, akashuka mzima, video akamtumia mama.

Kila Jumapili baada ya ibada anampigia mama yake. Simu za Jémima hapokei. Maman Euphrasie masikio yamepungua, kwa hiyo lazima aweke spika, naye Jémima akiwa jikoni anaosha sahani husikia kila neno tangu salamu ya kwanza: kazi, baridi, afya, chakula, mchungaji, kwaheri Maman. Kisha mama huja mpaka mlangoni mwa jikoni, simu bado mkononi, haangalii usoni.

"Noé anakusalimia," anasema.

"Asante, Maman," Jémima anajibu. "Na wewe umusalimie."