Konepistooli Chini ya Benchi

Mawe yalilia: tssss. Ndivyo mawe ya moto ya sauna, chumba chetu cha kuogea mvuke, yaliavyo yakimwagiwa maji. Lakini sisi sote tulikuwa jikoni.

Ilikuwa Jumamosi, kiangazi cha 1945, jua la jioni lingali linawaka ziwani. Nyumba ilifurika majirani waliokwisha kuoga, nyuso nyekundu kama kaa la moto, wakinywa kahawa ya shayiri na kusengenya wasiokuwapo. Mimi, mpenda umbeya, sikusikia hata neno. Chini ya benchi la juu kule saunani nilikuwa nimeficha konepistooli, bunduki ya rashasha ya kaka yangu Urho. Vita vilimuua mwaka uliotangulia. Mama alimwosha humo humo saunani, tunamowaosha wafu wetu. Bunduki ililetwa baadaye na mwenzake wa vitani. Sasa vita vilikuwa vimekwisha, aliyekutwa na silaha alifungwa, na ambaye angefungwa ni Mama, mwenye nyumba.

Basi akaingia Vilho, polisi, mtoto wa kijiji chetu hicho hicho.

"We Vilho, siku hizi unakuja kuoga na viatu?" jirani yetu Lempi akamchokoza.

"Cheka tu, Mama Lempi. Nimetumwa. Nakagua sauna."

Mama hakuinua macho. "Tumeshaoga sote, mwanangu. Sasa ni zamu ya mwenyewe."

Kwetu mwogaji wa mwisho huyamwagia mawe kata moja ya maji kwa ajili ya mzimu wa sauna, ndiye mwenyewe, akafunga mlango. Haingii mtu tena.

"Hayo mambo ya bibi zetu," Vilho akasema, akatoka.

Nilimfuata kwa macho dirishani. Akashika kitasa. Ndipo mawe yakalia. Yakalia tena. Kisha fagio la majani ya mbetula, mti wa kwetu, tunalojipigia tukioga, likaanza kupiga mgongo wa mtu: pa, pa, pa, bila haraka.

Vilho akarudi, kofia mkononi, akamgeukia Mama. "Mama Tyyne, kuna mtu anaoga."

Lempi akatuhesabu kwa kidole. "Mbona tupo wote?"

"Basi mimi sijaona kitu," Vilho akanong'ona. Akaomba kahawa, asiinywe.

Asubuhi niliikuta konepistooli juu ya benchi, imepakwa mafuta upya. Kando yake fagio lilikuwa bado linachuruzika maji. Niliipeleka kwa mtumbwi hadi kwenye kina, nikaizamisha.

Nilipomweleza Mama, hakuuliza bunduki ilitoka wapi.

"Jumamosi tumwachie kata mbili," alisema. "Urho anapenda joto."