Pengo la Elfu Sitini

Siku waziri alipokuwa akisoma bajeti redioni, Fundi alikuwa na funguo tatu za kuchonga na mdomo usio na kazi. Kibanda chake kilikuwa kimeegemea ukuta wa benki. Miaka kumi na tisa alikuwa akichonga funguo na kutengeneza kufuli hapo, huku akimhukumu kila anayepita. Waziri aliposema serikali itakopa tena ili kuziba nakisi, Fundi aliweka tupa chini.

"Nyumba yangu haijawahi kukopa hata kiberiti," alisema. "Nampa mama watoto laki mbili, mwezi unaisha, watoto wanasoma, tunakula tunashiba. Huyo waziri aje kwangu nimfundishe kazi."

Kwenye benchi alikuwepo Mwalimu, jirani yao aliyekuwa akifundisha hesabu sekondari, anasubiri ufunguo wa stoo. Alikuwa mtu mpole mwenye tabia mbaya ya kuuliza. Akauliza kama Fundi aliwahi kuiandika hiyo bajeti ya nyumbani. Waziri, alisema, angalau ameandika zinazoingia na zinazotoka, na pengo lilipoonekana akasema nani ataliziba. Nchi si nyumba, mambo mengi hayafanani, lakini pengo ni pengo.

"Wewe andika tu," alisema akipokea ufunguo wake. "Likiwepo pengo na hamlali njaa, basi yupo anayeliziba."

Fundi alicheka. Mwalimu alipoondoka, alipasua ubavu wa boksi la kufuli akaandika. Kodi ya nyumba, elfu sitini. Ada za watoto wawili, ukizigawa kwa miezi, elfu hamsini. Maji na umeme, ishirini. Chakula alikibana kwa koleo mpaka kikalia, kikagoma kushuka chini ya laki na thelathini. Alijumlisha mara tatu na kila mara alipata laki mbili na elfu sitini.

Alikuwa akitoa laki mbili. Elfu sitini zilikuwa zinatoka wapi?

Redio ilikuwa bado inanguruma. Sasa waziri alikuwa akiwashukuru wahisani, mmoja baada ya mwingine. Neno hilo likamkaa Fundi kichwani. Kumbe na nyumba yake ilikuwa na mhisani, tofauti ni kwamba waziri alikuwa anawataja wake hadharani.

Hakuchukua muda kumpata. Mtaani kwao kulikuwa na muuza nyama mmoja, pandikizi la mtu, wote walimwita Bucha. Alikuwa akimwita mke wa Fundi "shemeji" na kucheka naye kicheko kirefu kuliko maneno yaliyokitangulia. Fundi akaanza kukumbuka. Nyama ya kwao haikuwa na mifupa mingi kama ya wengine. Kila Alhamisi saa tisa mkewe alikuwa anakwenda kwenye kile alichokiita kikundi cha akina mama, na alikuwa anavaa viatu vile vya kahawia. Nani anavalia kikundi viatu vya kahawia? Alichonga ufunguo wa mteja kinyume, akalazimika kuurudia bure.

Kesho yake mchana alifunga kibanda, kitu ambacho hakuwahi kufanya hata alipougua, akaenda nyumbani mkewe akiwa sokoni. Chini ya kitanda palikuwa na sanduku la chuma la mkewe, na kufuli lake.

Fundi alikuwa na sheria moja tu kazini. Hafungui kitu mwenyewe asipokuwepo. Aliwahi kumfukuza mtu mwenye pesa nyingi kwa sababu ya sheria hiyo, na hadithi hiyo aliisimulia kwa kila mteja mpya. Alipiga magoti, akatia waya. Kufuli liligoma kidogo, lilikuwa kavu kama mfupa, kisha likaachia.

Ndani, chini ya vitenge, alikuta daftari la shule. Kila Alhamisi ilikuwa na mstari wake, kwa mwandiko ule mzuri wa mkewe: Kutoka kwa Bucha, 15,000. Kurasa na kurasa, miaka mitatu. Fundi hakuhitaji Mwalimu kumwambia kumi na tano mara nne ni ngapi.

Damu ilimpanda mpaka masikioni. Alirudisha kila kitu kilivyokuwa, kitenge juu ya kitenge, akafunga. Alitaka kwanza ajue atasema nini, maana akisema vibaya angebaki hana mke, na akinyamaza angebaki mume wa kuazimwa. Jioni alikula nyama ile bila kuinua macho.

Alhamisi asubuhi mkewe alifika kibandani. Alisimama foleni kama mteja, nyuma ya watu wawili. Zamu yake ilipofika aliweka kufuli mezani.

"Fundi," alisema. Nyumbani alikuwa akimwita baba watoto. "Hili kufuli linagoma miaka sita. Miaka sita nakuomba ulitie mafuta, unasema kesho. Leo nimelifungua, limeteleza kama siagi."

Fundi alilitazama. Matone mawili ya mafuta, kwenye tundu na kwenye pingu, ule upinde wa juu. Mkono wake ulikuwa umeyatia wenyewe, kama unavyofanya kwa kila kufuli linalopita mezani, na yeye hakukumbuka hata kidogo.

Wale wateja wawili walikuwa wamepata funguo zao lakini hakuna aliyeondoka.

"Bucha anakupa pesa ya nini?" aliuliza Fundi, sauti chini.

"Ya kazi. Namwandikia vitabu. Wachinjaji walikuwa wanamla, wakopaji wanamla, mizani yake yenyewe inamla. Nimemnyoosha."

Fundi aliacha shule darasa la tano. Mkewe alimaliza kidato cha nne, na jambo hilo lilikuwa halitajwi nyumbani kwao.

"Kwa nini ukanificha?"

"Ulisema mkeo hatakula pesa ya mwanamume mwingine. Ulisema mbele ya mama yangu. Nikakubali. Halafu vitu vikapanda bei, na wewe ukabaki na laki mbili yako ileile, unaitangazia mtaa mzima. Serikali ikipungukiwa inapandisha kodi. Mimi nimpandishie nani, wewe? Serikali inakopa, watakuja kulipa watu ambao hawajazaliwa. Wangu wameshazaliwa, na wanataka viatu."

Mteja mmoja alikohoa. Mkewe aliendelea bila kugeuka.

"Pengo ni elfu sitini kila mwezi. Ukiweza kuliziba naacha. Ukishindwa, leo saa tisa nina kazi, na sitasema tena ni kikundi. Hilo kufuli baki nalo. Limeshazoea mkono wako."

Saa tisa Fundi alikuwa amesimama kwenye mlango wa bucha. Alikuja kutafuta kosa. Mkewe alikuwa amekaa nyuma ya kaunta, kalamu mkononi, daftari kubwa mbele yake. Bucha alikuwa amesimama pembeni, mikono chini ya aproni, kama mtoto aliyeitwa ofisini.

"Mhasibu, tunasemaje?" aliuliza Bucha.

Mkewe aliinua kidole kimoja, na lile pandikizi la mtu likasubiri.

Fundi alisikia wivu wa aina nyingine, mbaya kuliko wa kwanza. Angewakuta wameshikana mikono angejua la kufanya, hata kama ni la kijinga. Kwa hili hakuwa na la kufanya. Mtu huyu kwa miaka mitatu alikuwa akimuuliza mkewe na kungoja jibu, na yeye mumewe hakukumbuka aliwahi kumuuliza nini zaidi ya chakula kiko wapi.

"Shemeji, karibu," Bucha alisema alipomwona. "Mkeo amenitoa shimoni huyu." Fundi aliomba nusu kilo, akalipa. Mkewe aliandika bila kumtazama: nusu kilo, taslimu.

Ijumaa na Jumamosi Fundi alifanya kazi bila kutoa hukumu yoyote. Jumapili baada ya chakula cha mchana mkewe alitoa sanduku. Lilikuwa na kufuli jipya, la bei rahisi, kutoka kwa yule mshindani wake wa ng'ambo ya barabara. Fundi angeweza kulifungua kwa pini ya nywele. Alilitazama likifunguliwa kwa ufunguo wake, roho ikimuuma kwamba limenunuliwa kule.

Aliweka mezani laki mbili na elfu kumi na nane. Mkewe alizihesabu.

"Bado arobaini na mbili," alisema. Hakukuwa na kejeli katika sauti yake.

Fundi alivuta kiti, akajikohoza. "Mhasibu, tunasemaje?"

"Hayo ni maneno ya Bucha," mkewe alisema. "Tafuta yako."

Fundi alikaa akitafuta. Ilimchukua muda, na mkewe hakumsaidia.

"Viatu vya mdogo," alisema mwishowe. "Vinambana?"

"Tangu mwezi wa tatu," alijibu mkewe, akaligeuza daftari ili naye aweze kusoma.