Vifuniko vya Dawa ya Macho

Jicho la kushoto lilishakufa zamani. Hili la kulia ndilo lililonipeleka kliniki kule Sinza kupigwa leza. Presha ya macho, wakasema. Wakanipa chupa mbili za matone, ndogo kama kidole, maandishi ya Kizungu, herufi kama sisimizi. Kliniki ya macho hiyo! Waliozipanga sijui walitegemea asome nani.

Nesi Loveness akanielekeza. "Babu, hii siku tano tu, halafu unatupa. Hii nyingine kila usiku, usiiache mpaka unaingia kaburini."

Marehemu mke wangu Anna angekuwepo, angesoma yeye. Mie niliishia darasa la tatu, Newala. Ila nimechonga mpingo miaka arobaini, kwa hiyo nilipofika kwangu Mbezi Luis nikashika kisu. Dawa ya kaburini, mkwaruzo mmoja kwenye kifuniko. Ya siku tano, miwili. Kidole kinasoma chenyewe.

Kesho yake nikarudi na chupa zangu kuangaliwa, kama walivyoniagiza. Loveness akafungua chupa zote mbili, akachungulia kilichobaki, akafunga. "Unaendelea vizuri, babu. Rudi baada ya wiki tatu."

Siku ya tano nikatupa ile ya mikwaruzo miwili.

Wiki tatu zikaisha, nikawa kwenye benchi tangu saa moja asubuhi. Namba hawaiti kwa mdomo, zinatokea kwenye TV ukutani. Wagonjwa wa macho tunaulizana, "Imeandika ngapi?" Aliyeiweka ile TV ningemjua, ningemchonga sanamu isiyo na macho.

Daktari Gaudens, kijana wa kumzaa, akanipa shikamoo, akapima. Akapima tena.

"Mzee, presha imepanda kuliko kabla ya leza. Dawa unatumia?"

"Kila usiku." Nikampa chupa.

Akaisogeza kwenye taa. "Hii ni ya siku tano! Ukiendelea nayo, yenyewe ndiyo inapandisha presha. Ile ya kila siku iko wapi?"

"Nimetupa. Si mlisema?"

"Hatukusema hivyo. Nyie wazee hamfuatagi maelekezo."

Hapo nikapandwa na hasira. Nikakamata kidole chake, nikakiweka juu ya kifuniko. "Unasikia nini?"

"Mkwaruzo."

"Mingapi?"

"Mmoja."

"Mmoja ni dawa ya kaburini. Mie vifuniko sijavichanganya. Aliyefungua chupa zote kwa mpigo ni huyo hapo mlangoni."

Loveness akatazama sakafu. "Babu, nilijua vimechunika tu."

"Ulijua. Kwa jicho langu."

"Mzee, ungechora chupa yenyewe," daktari akasema.

Ona! Kosa limeshahamia kwangu. Wakubwa ndivyo walivyo, samahani hawanaga.

"Kuna kilichopotea?" nikauliza.

"Kidogo, pembeni. Hakirudi. Kilichobaki tutakilinda, ila usikose dawa hata siku moja."

Loveness akaleta chupa mbili mpya za dawa ya kila siku na moja ya kushusha presha haraka, ya wiki moja. Akaziweka mezani, akaanza kufungua mbili kwa mpigo, mkono huu kifuniko hiki, mkono ule kifuniko kile.

"Moja moja!" nikafoka.

Akaziacha. Nikatoa kisu mfukoni, nikaanza kuchora ubavuni mwa chupa, taratibu isitoboke.

"Mzee, kisu hospitalini?" daktari akashtuka.

"Andikeni herufi kubwa," nikamwambia, "nitakiacha nyumbani."