Masharubu Niliyoyanyoa Jumatatu

Kinyozi ana umbali wa aina tatu. Kuna wembe na ukingo wa nywele, ambavyo viko karibu na pua yako. Kuna kichwa chenyewe, urefu wa mkono. Halafu kuna kioo cha ukutani, na humo ndani mteja anakutazama kwa wasiwasi akisubiri kujua umemfanya nini. Mwenye macho mazima hana habari na mambo haya. Mimi nilianza kuyajua nilipovuka hamsini, maana macho yangu yana kasoro mbili zilizoamua kupanga nyumba moja. Ya kwanza nilizaliwa nayo: kioo cha jicho kimepinda, kina umbo la yai badala ya mpira, kwa hiyo kila mstari ninaouona una kivuli chake. Ya pili ililetwa na umri, ikanifungia vitu vya karibu. Nilivaa miwani minene kama vitako vya chupa, na mtaa mzima ukaniita Darubini. Niliitika. Ningefanyaje?

Shida ya miwani ni kwamba kinyozi anainama. Ukiinama inateleza, ukitoka jasho inateleza, na vinywele vinajaa mpaka unanyoa kwa kubahatisha. Siku moja iliniponyoka ikatua juu ya utosi wa mteja wakati mashine inaunguruma, mkono ukaruka, nikamchimbia mfereji katikati ya kichwa. Nilimshawishi kwamba kipara kinampendeza. Alipotoka tu nikaenda kwa mpima macho.

Mpima macho alikuwa binti anayelingana na wanangu, mpole, mwenye subira ambayo mimi sina. Alinieleza kwamba siku hizi kuna lenzi laini za kuvaa ndani ya jicho zinazofanya kazi zote mbili: zinanyoosha ule upindo, na papo hapo zina sehemu ya mbali na sehemu ya karibu. Kwa chini zina uzito kidogo na alama ndogo, ili zikae wima zisizunguke. Ikizunguka, alisema, kila kitu kitarudi kuwa na vivuli. Akaniambia nisitarajie miujiza, kwamba ubongo utahitaji muda wa kujifunza kuchagua, na kwamba taa zitakuwa na pete. Akanipa jozi ya majaribio.

Kuziingiza ilikuwa vita. Kila kidole kikikaribia, jicho linafumba kama mlango wa mdeni. Mke wangu alikuwa amekaa kitandani akisikiliza matusi yangu, akacheka mpaka akalala chali. Mwanaume mzima, alisema, anaogopa kidole chake mwenyewe.

Mke wangu ni msusi. Watu humwita Mama Pacha, kwa ajili ya mabinti zetu wawili ambao sasa wana miji yao. Tunafanya kazi katika chumba kimoja: mimi upande wa kioo, yeye upande wa dirisha, tumepeana migongo tangu tulipofungua. Vidole vyake vina sifa. Anasuka huku ameelekeza uso mlangoni, anapiga soga, na mistari inatoka imenyooka kama imepigwa rula. Nilikuwa nikijivunia jambo hilo kwa wateja. Mwangalieni, nilikuwa nikisema, yule hahitaji hata kutazama.

Jumamosi ya kwanza na lenzi zangu nilikuwa kama mtoto aliyenunuliwa viatu. Niliuona ukingo wa nywele. Nilikiona kichwa. Nikainua macho kwenye kioo na kwa mara ya kwanza baada ya miaka nikaona chumba chote cha nyuma yangu: kopo la vitana, ufa kwenye mpini wa kimojawapo, mkufu mwembamba shingoni mwa msichana aliyekuwa ameketi kwa mke wangu.

Msichana yule alikuwa amekuja na picha ya mtindo kwenye simu. Alimpa Mama Pacha simu, akainama kufungua kilemba chake. Simu ilikuwa imezima kabla haijafika mkononi. Niliiona vizuri. Kioo chake kilikuwa cheusi kama masizi. Mke wangu akaishika, akainamisha kichwa kidogo, akatabasamu.

"Nimeuona," alisema. "Huu utakupendeza, una uso wa kuubeba."

Kisha akamwambia amweleze mwenyewe anataka uanzie wapi na uishie wapi, kwa kuwa picha ni picha na kichwa ni kichwa. Msichana akaeleza kwa mikono juu ya nywele zake, na vidole vya mke wangu vikamfuata. Alisuka, msichana akajitazama, akafurahi, akaondoka.

Mimi nilikuwa nimesimama na wembe hewani. Mteja wangu aliniuliza kama kuna tatizo shingoni mwake. Nikamwambia hakuna, atulie.

Nitasema ukweli: nilizilaumu lenzi. Ndiyo hizo, nikajiambia, vivuli na pete na mazingaombwe. Mchana niliacha wateja kwenye benchi nikaenda kwa mpima macho, nikamwambia vifaa vyake vinanidanganya, vimenionyesha simu inayowaka ikiwa nyeusi. Sikuzungumza kwa adabu. Yeye alinikalisha, akanimulika taa jicho moja baada ya jingine, akatafuta zile alama. Zilikuwa chini, mahali pake. Akanisomesha herufi za mbali na za karibu, nikazisoma zote. Mwisho akaniuliza, wakati naiona ile simu, vitu vingine vilikuwaje. Nikamtajia mkufu, na ule ufa wa kitana.

"Lenzi ikizunguka, baba, inatia ukungu kila kitu," alisema. "Haiwezi kuchagua simu peke yake. Ulichokiona kilikuwepo."

Nilirudi polepole. Njiani mambo yalianza kunijia bila kuitwa. Kwamba majirani hulalamika mke wangu siku hizi anaringa, hawasalimii mpaka wamwanze wao. Kwamba akizungumza nami anatazama pembeni ya sikio langu, nami nikadhani ana kinyongo, nikanuna na mimi kwa miezi bila kujua tunagombania nini. Usilolijua ni kama usiku wa giza, na mimi nilikuwa nimekaa katika giza hilo nikiwa na miwani.

Jumapili nilimtazama akimimina chai. Ncha ya kidole chake ilikuwa ndani ya ukingo wa kikombe. Chai ilipokigusa, akaacha kumimina. Alifanya hivyo kwa kikombe changu na kwa chake, haraka, bila kumwaga tone. Lakini ubishi ni ugonjwa wangu. Labda ni mazoea tu, nikajiambia. Labda mama yake alimfundisha hivyo.

Jumatatu hatufungui. Nikaingia bafuni asubuhi, nikasimama mbele ya kioo, na nikayanyoa masharubu yangu.

Inafaa mjue nilikuwa nanyoa nini. Masharubu hayo nilikuwa nayo kabla sijamposa. Yamechorwa kwenye kibao cha saluni. Pacha walipokuwa wadogo waliyavuta kila mmoja upande wake kama kamba. Mke wangu aliwahi kuniambia kwamba siku nikiyaondoa nitafute pa kulala. Ndiyo sababu niliyaondoa. Nilitaka nitoke pale, anione, apige kelele mtaa mzima usikie, anitukane, anifukuze. Sijawahi kutamani ugomvi kama nilivyoutamani asubuhi ile.

Nilipitia dukani kununua mkate. Mama mwenye duka alinihudumia kama mgeni, kisha akaniangalia tena, akashika mdomo. Akaniuliza kwa sauti ya chini nani amefariki.

Nilipoingia nyumbani, mke wangu alikuwa mezani, vikombe vimepangwa.

"Baba Pacha, mkate una moto?"

"Una moto," nikasema.

Nikakaa mbele yake. Nilichagua kiti kinachotazama dirisha, ili mwanga wote unipige usoni. Nikakata mkate, nikampa, akaupokea. Akaniambia bomba la jikoni linavuja tena, nitafute mpira mwingine, huu tulioununua ni takataka. Akanieleza ndoto aliyoota. Alikuwa akitabasamu, akitazama pembeni ya sikio langu, na mdomo wangu wa juu ulikuwa mtupu, baridi, kama wa mtu mwingine. Nilimtazama anavyotafuna. Nilikuwa nimelala kitanda kimoja na mwanamke huyu maisha yangu yote ya utu uzima, na hakuwa akiniona.

Nikauchukua mkono wake nikauweka juu ya mdomo wangu.

Vidole vilisimama. Halafu vikatembea kutoka pembe moja ya mdomo hadi nyingine, taratibu, jinsi anavyokagua kichwa cha mteja kabla ya kusuka. Vikarudi. Tabasamu lilikuwa bado halijamtoka usoni, lilikuwa limesahauliwa pale.

"Umenyoa lini?"

"Leo asubuhi."

Hakuutoa mkono. Nilingoja alie, hakulia.

"Katikati pote pameondoka," alisema. "Pembeni naona. Mlango naona, meza naona, njia naona. Nikikutazama wewe usoni, uso haupo. Pana doa."

Nikamuuliza tangu lini. Akasema lilianza pacha walipokuwa shule, likawa dogo kama mbegu, likakua. Nikamuuliza daktari alisema nini. Akasema hajaenda kwa daktari, angekwenda na nani bila mimi kujua? Kisha akanieleza jambo ambalo hakuwahi kunieleza tangu nimuoe. Mama yake alipatwa na doa hilo hilo. Baba yake alivumilia kidogo, halafu akamrudisha kwa kaka zake, kama mtu anayerudisha sufuria la kuazima. Mke wangu alikuwa msichana. Alimwona mama yake akipandishwa kwenye gari, amevaa nguo nzuri, akidhani wanakwenda kutembea.

Hasira ikanipanda. Ndiyo, hasira, sioni sababu ya kuificha. Nilisukuma kiti nikasimama.

"Na mimi ukanifananisha na baba yako?"

"Baba alikuwa mtu mzuri," alisema. "Kila mtu alisema hivyo."



Akainuka akaenda chumbani, wima, bila kupapasa ukuta. Nikamfuata. Akapiga magoti kando ya kitanda, akaingiza mkono chini, akavuta mkoba mkubwa uliofungwa zipu. Akaniambia yuko tayari. Akaniomba nisiwapigie simu watoto, atawaambia mwenyewe akishafika kwa kaka yake.

Nilidhani mkoba ni mtupu, kwamba ndiyo kwanza anataka kupanga. Nikaushika ili niurudishe chini, ukanivuta mkono. Ulikuwa umejaa. Juu yake palikuwa na vumbi la kuandikwa kwa kidole.

Nikaufungua. Harufu ya dawa ya nondo ikanipiga. Nguo za juu zilikuwa za mwanamke mwembamba kuliko huyu aliyepiga magoti mbele yangu. Palikuwa na viatu vya kisigino ambavyo ameacha kuvivaa zamani. Palikuwa na gauni la bluu ambalo niligombana na jirani kwa ajili yake, nikamwambia mbele ya watu kwamba ameliiba kwenye kamba yetu. Mpaka leo hatusalimiani na jirani yule, na gauni lilikuwa hapa, limekunjwa, chini ya ubavu wangu. Watoto hata hawakuwa wamemaliza shule tulipolipoteza.

Ndipo nikaelewa. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Doa lilikuwa bado mbegu na yeye alikuwa amekwisha kufungasha. Miaka yote hiyo tumekula, tumecheka, tumeoza mabinti, tumefungua saluni kila asubuhi, na kila usiku mke wangu alilala juu ya mkoba akisubiri siku nitakayomwona.

Nilikaa sakafuni. Machozi yalikuja yakaisogeza lenzi ya jicho la kulia, na kila kitu kikawa na kivuli chake kama zamani: wake wawili, mikoba miwili. Nikafumba na kufumbua mpaka ikakaa. Nilitaka kumwona mmoja.

Halafu nikainuka nikafungua kabati. Nikatoa gauni la bluu nikalitundika. Nikatoa sketi, nikaitundika.

Alikuwa amegeuza sikio upande wangu.

"Unafanya nini?"

"Natundika nguo."

"Hazinitoshi tena hizo."

"Sijakuuliza kama zinakutosha."

Nikaendelea. Nilikuwa natundika kwa fujo, vining'inizo vinagongana. Nikamwambia kesho saluni haifunguliwi, tunakwenda hospitali wote wawili. Akasema lile doa halitaondoka. Nikamwambia basi daktari atatuambia hivyo mwenyewe, na mimi nitakuwepo. Alibaki amepiga magoti pale, mkono mmoja juu ya mkoba uliokuwa ukipungua, nami sikujua kama ananiamini.

Mwishowe aliinuka, akakaa ukingoni mwa kitanda, akakunja mikono mapajani.

"Weka taratibu," alisema. "Na kila unayoiweka, niambie umeiweka wapi."